Ozella Tarpley na Wilaya ya 68

Bibi Ozella Tarpley, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika shamba la pamba nje ya mji wa Pemble, chini ya tuta la Mto Tallaha. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Rufus na Bi. Idella Mabry. Alisoma katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, miezi ambayo pamba haikuchumwa, akaishia darasa la kumi.

Mzee Rufus alikwenda mara sita kujiandikisha kupiga kura, na mara sita akarudishwa kwa kuwa ni mweusi. Mara ya saba, Agosti 1965, sheria mpya ya kutulinda ilipopita, alikwenda na Ozella. Mzee alitoka na kadi, akaitazama.

"Mwanangu, jina wamelikosea."

"Turudi warekebishe?"

"Wee! Twende zetu kabla hawajabadili nia."

Tarehe 18 Juni 1966 aliolewa na Cleophus Tarpley, dereva wa trekta. Uchumba wao ulipita Jumamosi baada ya Jumamosi wakibisha hodi nyumba kwa nyumba kuandikisha watu, hadi Cleophus akauliza, "Ozella, huu ni uchumba au ni sensa?"

Miaka ishirini na sita alipasua samaki katika kiwanda cha kambare, lakini kazi ya moyo wake ilikuwa Wilaya ya 68, inayochagua mbunge mmoja wa bunge la jimbo: kutoka kwenye tuta, kupitia Pemble na mabwawa ya kambare, hadi vilima vya wafuga ng'ombe. Aliijua kila nyumba. Mwaka 1967 mgombea wetu mweusi alishindwa kwa kura mia tisa. 1971, mia nne. 1975, sitini na mbili. Tarehe 6 Novemba 1979 Mwalimu Hosea Binford alishinda kwa kura kumi na moja. Ozella alidai anawajua wote kumi na moja, kwani aliwabeba mwenyewe kwa gari hadi kituoni, mmoja akiwa na povu la sabuni kichwani.

Mwaka 2011 mipaka ya wilaya ilichorwa upya, na Pemble ikakatwa vipande viwili kwenye reli ili kura zetu zitawanyike. Nyumba za mashariki, yake ikiwamo, zilitupwa Wilaya ya 71, iliyojinyoosha kama utumbo maili tisini hadi vitongoji vya mji mkuu. Kiti cha Binford kikapotea. Tangu hapo hakuna mgombea aliyebisha hodi upande wetu. Kituo cha kura kilifungwa, kikahamishiwa mbali, mwendo wa maili ishirini na nne.

Ozella aliendelea kupita milangoni. Jirani yake, Bi. Maybelle, alimwambia, "Dada, tukapige kura ya nini? Washatuhesabu hata kabla hatujaenda." Jioni ile Ozella alimwambia bintiye, Renetta, "Nilikosa jibu, mwanangu. Mimi!"

Cleophus alifariki mwaka 2018. Mwaka 2021 figo za Ozella zilishindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Tarehe 7 Novemba 2023, akitoka kwenye mashine, aliomba apelekwe kupiga kura.

"Mama, jina lako halipo hapa," karani alimwambia.

"Basi liko wapi?"

Karani hakujua. Akampa kura ya muda, ya kutiwa kwenye bahasha hadi jina lihakikiwe. Kwa kiti cha bunge la jimbo palikuwa na jina moja tu.

"Mama, twende nyumbani," Renetta alisema. "Hata mpinzani hamna."

Ozella alikaa akaijaza yote.

Tarehe 12 Desemba ilifika barua: kura yake haikuhesabiwa. Aliisoma mara mbili.

"Renetta, maisha yangu yote nimefanya kazi gani?"

"Kazi kubwa, mama."

"Usinidanganye."

Baada ya Krismasi alikataa kurudi kwenye mashine. Tulimbembeleza, mchungaji akambembeleza, hakugeuka. Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha binti mmoja, Renetta. Wana wa kiume wawili, Alonzo na Thurman. Mdogo wake, Bi. Lurleen Mabry, na wajukuu saba. Wanne kati yao wametimiza umri wa kupiga kura. Hakuna aliyejiandikisha.

Mungu ampokee mja wake, ampe pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.