Dawa Zilizobaki Nyumbani kwa Kathambi

Mgeni rasmi, Bi. Mkurugenzi, pamoja na chifu wetu, mchungaji na majirani wote mliofika:

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wakulima wa Mishiri, Gitwiini, tumefurahi kukuona. Kadi ya mwaliko ilisema kwamba tungekutana nyumbani kwa mwanachama wetu Kathambi, kando ya barabara. Tumelazimika kukupokea hapa kwenye uwanja wa kanisa. Sababu utaisikia mbele kidogo.

TULIKOTOKA

Tunalima mishiri, yale maharagwe mabichi yanayopelekwa ng'ambo. Kwa miaka mingi dawa ya shambani ndiyo iliyokuwa dawa ya nyumbani pia. Iliyobaki baada ya kunyunyizia mishiri tuliwanyunyizia kunguni kitandani, na nyingine tukawatilia fukusi kwenye mahindi ya kula. Chupa ikiisha tuliisuuza, tukaitia mafuta ya taa. Wengine waliitia maziwa. Hatusemi haya kwa kujisifu.

Mwaka jana likaja tangazo kwamba baadhi ya dawa hizo zimeondolewa sokoni, na kwamba aliye nazo asizitumie tena bali azisalimishe. Afisa wa kilimo wa nyanjani, Bwana Runji, alikuja akatusomea. Tulielewa, na hakuna aliyebisha.

Hapo ndipo tulipokosea. Huku kwetu, kitu kikikusanywa kando ya barabara, gari huja kukichukua. Maziwa huchukuliwa hivyo, majani chai huchukuliwa hivyo, na mishiri pia. Nyumba ya Kathambi ndiyo iliyokuwa kituo chetu cha maziwa, kwa kuwa chumba chake cha mbele kina sakafu ya simiti na mlango mpana. Kwa hivyo kila mwanachama alibeba alichokuwa nacho akakipeleka kwa Kathambi. Yeye mwenyewe alizipanga chupa ukutani, zilizovuja akazisimamisha ndani ya beseni. Halafu akaoga, akabadilisha nguo, akatoka kusimama barabarani kungoja gari.

Baadaye tulilisoma lile tangazo tena, polepole. Halikutaja gari.

TULIYOFANIKIWA

Tangu tuziache dawa hizo, mishiri yetu haijarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Nyuki wameonekana tena kwenye mizinga iliyokuwa tupu. Mahindi tunayaanika vizuri na kuyafungia kwenye magunia yasiyopitisha hewa, kama tulivyofundishwa. Kunguni nao wana maendeleo yao, ila tunaendelea kuwamwagia maji ya moto.

KINACHOTUSUMBUA

Tulimwuliza Bwana Runji tufanye nini na zile chupa. Akauliza ofisini, akatuletea majibu. Dawa zisizikwe. Zisichomwe. Zisimwagwe mtoni wala chooni. Zisibebwe na gari lisilo na kibali. Na mtu asilale nyumba moja nazo.

Tumetii yote, mgeni rasmi. Agizo hilo la mwisho linatiiwa na Kathambi peke yake. Ni mjane, na nyumba hiyo aliijenga kwa mishiri. Sasa analala jikoni kwa shemeji yake, pamoja na mbuzi wawili wa shemeji. Asubuhi huenda kwake, hufagia ua hadi mlangoni, kisha hurudi. Dereva wa maziwa alivuta harufu siku moja tu, na tangu hapo hasimami tena kwake. Kituo kimehamia kwa jirani. Vijana wa bodaboda humtania kwamba nyumba yake haihitaji kufuli, kwa maana wezi wenyewe huvuka wakapita upande wa pili. Hucheka pamoja nao. Wakishaondoka hacheki tena.

Bwana Runji hapiti bila kumfariji. Juzi alimwambia avumilie kidogo, gari litakuja. Kathambi akaweka chini ufagio.

"Runji, mwanangu, gari la maziwa nililijua kwa honi. Hili lako lina honi gani?"

Bwana Runji alisema ataulizia. Ni kijana mwenye adabu na hatumlaumu.

Kuna jambo jingine. Binti wa Kathambi, Winrose, amechumbiwa. Wakwe wanakuja mwisho wa mwezi huu, na wakwe hawapokelewi jikoni kwa shemeji. Wamekwisha kuahirishiwa mara moja, kwa kisingizio cha mvua. Mvua imekwisha.

OMBI LETU

Risala hii ilikuwa na maombi mengine: daraja, umeme na barabara ya lami hadi Meru mjini. Kamati imeyafuta. Tumebaki na moja. Tunaomba gari lenye kibali, lenye watu wanaojua kazi hiyo, lije lichukue dawa hizo kabla wakwe hawajafika, na kile chumba kisafishwe hadi mtu aweze kulala. Kama halipo Meru, tunaomba liombwe hata Embu.

Mwisho, kuhusu chai. Kamati ilipendekeza unywe hapa kanisani. Kathambi alikataa. Alisimama mkutanoni, yeye ambaye kwa kawaida huzungumza akiwa ameketi, akasema:

"Mgeni aliyealikwa kwangu hunywa chai kwangu. Akishindwa kuingia, hata mimi sitakuwa na la kumweleza tena."

Tulipiga kura, akashinda. Kwa hivyo chai imepikwa kwa shemeji, na itabebwa hadi kwa Kathambi. Kiti chako kimewekwa chumba cha pili. Hakuna mlango mwingine; utapita chumba cha mbele. Bwana Runji ameshauri mtu asiingie bila barakoa maalumu. Tumepata moja, nayo ni yako. Kathambi amesema yeye amezoea.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, ailinde nyumba yako na kila alalaye ndani yake, na akupe safari njema baada ya chai.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Mishiri, Gitwiini.

Imesomwa na Mzee Gitobu, Katibu.