Bi Sihaba Marijani: Miaka Ishirini na Moja ya Kuwasemea Wagonjwa

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Sihaba Marijani anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hapa Guangzhou kwa miaka ishirini na moja, akiwa mkalimani wa hospitali.

Alitoka Zanzibar kuja kununua vitambaa katika soko la Zhongda. Kichina alikiokota sokoni, akianza na maneno ya kukataa bei. Tulimwajiri mwaka 2004. Mwezi wake wa kwanza alimsindikiza hospitali mteja aliyelalamika kuwa tumbo linamwendesha. Akatafsiri neno kwa neno, na daktari akauliza kwa upole: linamwendesha kwenda wapi? Kisa hicho hukisimulia mwenyewe, na hucheka kutushinda sote.

Kisa kingine hakukisimulia kamwe. Tumekisikia mwezi uliopita kutoka kwa mwenyewe, Stephen, mtoto wa mama Njambi anayenunua nguo za jumla katika soko la Shisanhang.

Mwaka 2018 Stephen alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na kwa miaka yote dawa zilikuwa zimevituliza. Ghafla vipimo vikaonyesha virusi vimepanda. Mama yake aliapa kwamba kijana anameza dawa kila siku. Bi Sihaba alimtazama Stephen: joto la Juni lilikuwa kali, naye amevaa jaketi zito lililofungwa hadi shingoni. Akamwomba mama Njambi awapishe kidogo.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa nasema utakachotaka nikiseme tu. Nje ya mlango huu sijui kitu."

Stephen akainamisha kichwa. "Auntie, nimeota matiti kama ya dem. Shule wananicheka. Hizo dawa nimeziwacha wiki ya tatu sasa."

Neno la Kichina la hali hiyo Bi Sihaba hakulijua. Akagusa kifua chake mwenyewe, akaeleza kwa mikono, bila kutabasamu. Daktari akaelewa mara moja. Alimpima, akasema ni jambo linalojulikana kwa dawa ile na si kosa la kijana, ila kuziacha kimyakimya ni hatari. Baada ya vipimo zaidi akambadilishia dawa. Kwa idhini ya Stephen, Bi Sihaba alimweleza mama yake, ambaye alilia, kisha akamkumbatia mwanawe.

Uvimbe haukuondoka upesi. Ulichukua karibu mwaka mzima. Virusi vilishuka mapema zaidi, na havijapanda tena.

Tangu hapo Bi Sihaba akaandaa orodha ya maneno ya madhara ya dawa kwa Kiswahili na Kichina: kizunguzungu, ndoto mbaya, kuvimba matiti, na mengine ambayo vijana wa kiume huyaonea haya. Pia huomba kila kijana apewe dakika chache bila mzazi. Wakalimani wetu wote sasa hufanya hivyo.

Tulimuuliza Stephen, leo kijana wa miaka ishirini na miwili anayesimamia mizigo katika bandari ya Huangpu, kama tufiche jina lake. "Liandikeni," akasema. "Auntie alilificha miaka saba, ndiyo maana leo naweza kulisema mwenyewe."

Bi Sihaba, asante kwa kila foleni uliyosimama pamoja nasi. Rudi nyumbani Fuoni kwa wajukuu zako, ulale hadi jua lipande, na Mungu akujalie afya na miaka mingi yenye raha.