Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

Ndani ya basi la asubuhi, kwenye kiti cha mbele yangu, mtafiti wa ubongo alikuwa anamwonyesha msusi simu yake kama babu aliyepata mjukuu.

"Dada, makala yangu ya kumbukumbu za panya imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili! Leo saa nne kamati inaamua kama niwe profesa, na wao huangalia namba hiyo tu."

Msusi hakuwa amemuuliza kitu. "Hongera, kaka. Mimi pia natajwa sana mtaani, ila sijapandishwa cheo. Hao wote wanaokutaja ni kina nani?"

Mtafiti alikohoa. "Nikiandika makala mpya, naitaja ile ya zamani. Kila mtu hufanya hivyo."

"Umejitaja mara ngapi?"

"Mia tatu na tisa."

Nilijificha nyuma ya gazeti, ambalo nilikuwa nimelishika kichwa chini miguu juu.

"Na hizo mia na tatu zilizobaki?"

"Mke wangu. Naye ni mtafiti wa ubongo."

"Mke wa kukusifia hivyo? Mshike kwa mikono miwili!"

"Hanisifii. Anaeleza nilipokosea."

Msusi alicheka mpaka vitana vyake vya kazi vikamponyoka mkononi. "Basi omba kamati wahesabu tu, wasisome!"

"Huwa hawasomi. Shida ni mwenyekiti mpya. Huyo anasoma."

"Unamjua?"

Basi likasimama. Mtafiti aliinuka, akailegeza tai yake kidogo.

"Namjua, dada. Tai hii kanifungia yeye."