Mama Kadi na Neno Lililokosa Mfano

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili, Mama Kadi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa mpiga chapa, anatoka akiwa mhariri mwandamizi, na katikati hapo ametunyoosha sote kwa kalamu yake nyekundu. Hata mwaliko wa harusi ya mhasibu wetu aliurudisha ukiwa umesahihishwa, kisha akaenda harusini akacheza mpaka akavua viatu.

Utaratibu wetu mnaujua: anayeandika neno hutunga mwenyewe sentensi ya mfano, akaisoma mbele ya wenzake saa nne, chai ikiwa mezani. Kwa hilo Mama Kadi hakuwa na mpinzani. Neno moja tu la Kiingereza lilimshinda: "recalcitrant".

Maana aliiandika siku ile ile aliyopewa neno hilo, miaka tisa iliyopita: kaidi, asiyekubali kuamrishwa. Asili nayo: Kilatini, kurusha teke kwa kisigino, kama punda aliyechoshwa. Matumizi: zaidi katika maandishi rasmi, kwa mtoto, mfanyakazi, hata ugonjwa usiosikia dawa. Pa mfano, kwenye kadi ya neno hilo, akapaacha wazi. Wiki ile binti yake wa pekee alikuwa amekataa chuo alichochaguliwa, akaenda mji mwingine kujifunza kuchomelea vyuma, na mama akamwambia asirudi mpaka apate akili. Hakurudi.

Toleo likachapishwa likiwa na mfano wa mtu mwingine. Miaka tisa nimekaa meza inayotazamana na yake, nikimwona akiitoa kadi ile, akiandika kwa penseli, akifuta. Alimkumbuka mwanawe kila siku, na kila siku alijifanya anatafuta miwani.

Jumatatu iliyopita, saa nne, alisimama akasoma mfano wake wa toleo jipya, kwanza kwa Kiingereza, kisha tafsiri: "Mama alikuwa mkaidi kumshinda bintiye, ndiyo maana simu haikupigwa." Mkurugenzi, ambaye hajawahi kupitisha sentensi bila kuongeza mkato, aliitia saini vile vile ilivyo. Mchana ule Mama Kadi akapiga simu. Binti akasema ataangalia kama atapata ruhusa kazini aje kwenye sherehe hii ya kumuaga mama yake.

Mama Kadi, asante kwa kutukatalia sentensi mbovu. Tutakukosa mno, na hatuoni haya kusema. Tunakutakia afya, mapumziko mema na nyumba yenye watu.

Nanyi wageni wetu, kile kiti cha mbele karibu na mlango msikikalie, hata sherehe ikishaanza.