Maua ya Mama Mkwe

"Ukuta haulowi kwa sababu naanika nepi ndani, wifi," alisema mama aliyepakata ndoo ya rangi ndani ya daladala. "Unalowa kwa sababu mama yako amerundika udongo wa maua mpaka umepita msingi, umegusa lipu. Kila akimwagilia, chumba cha mwanangu kinakunywa."

Fundi cherehani aliyekaa nyuma yao alikuwa amepitwa na kituo chake. Hakujutia.

"Maua hayo yapo tangu hujaolewa," wifi alijibu. "Nyumba ya zamani haikosi ukungu. Paka rangi, fungua dirisha, yaishe."

"Tumeshapaka mara mbili. Ukungu unarudi palepale, mweusi kama masizi, na mtoto anakohoa mpaka anatapika. Rangi hii ni kumvika mgonjwa shati jipya."

"Basi yang'oe wewe, nikuone. Si una ubavu?"

Baadaye fundi alijiambia kwamba neno hilo halikupaswa kusemwa karibu na nyumbani kwao. Gari liliposimama, mama yule alimbwagia wifi yake ndoo mapajani, akashuka, akavuka barabara hadi kwenye nyumba yenye lipu iliyobabuka. Alichukua jembe lililoegemezwa mlangoni na kuanza kuukokota udongo mbali na ukuta, maua na yote. Pazia la dirishani likafunuliwa, na bibi mmoja akachungulia.

"Dada, na wewe si unashuka hapa?" kondakta aliuliza.

Wifi aliikumbatia ndoo. "Kituo kinachofuata," alisema.