Maua ya Tawi la Chini

Sikilizeni wanangu. Raoudha, zima redio, na wewe Moncef sogea maana sauti yangu haifiki mbali, na mlango ufungeni, sitaki mama yenu mdogo Beya asikie kule ng'ambo ya ukuta kabla sijafumba macho.

Nyumba gawaneni kama sheria inavyosema, sina neno. Neno langu ni la huu mdanzi wa uani, huu mchungwa mchungu.

Mwaka ule mimi na Beya tulipoolewa na ndugu wawili hapa Nabeul, mama mkwe alipasua danzi moja, akampa kila mmoja wetu mbegu tatu, akasema mwanamke wa nyumba hii huchemsha maua ya mti alioupanda mwenyewe, akakinga maji yake ya manukato. Mimi nilizipanda kwenye mkebe wa nyanya, ukaota mche mmoja, nikawa nauingiza ndani kila baridi ikizidi. Beya alizifukia tu karibu na kisima, akaenda zake kupiga soga. Mwaka wa saba mti wake ukachanua, wangu miiba mitupu. Mama mkwe akamkabidhi mtungi wa shaba wa kuchemshia maua, mbele ya majirani, nami nikapiga vigelegele huku roho inaniuma kuliko nilivyoumwa kuwazaa ninyi.

Beya alipokwenda hamamu kuoga, nikaingia uani kwake nikakata kijiti cha mti wake. Nikaukata wangu kichwa, nikakipachika kile kijiti kwenye shina lililobaki, nikafunga kwa uzi wa sufi ili viungane. Baada ya miaka miwili ukachanua, nikasema ni mbegu yangu hiyo. Mama mkwe akanusa, akasema maua yangu yanashinda ya Beya, akauhamishia mtungi kwangu. Walipoukata mti wa Beya ili wajenge chumba, alikuja kuniomba kikapu kimoja cha maua. Nikamwambia, "Soko halijafungwa, Beya."

Na kila mwaka, chini ya kovu la kile kiungo, shina la mbegu yangu lilichipua, nami nikainama na kisu nikalikata chipukizi kabla mtu hajaona. Sasa mwaka wa tatu magoti hayakunjiki, chipukizi limekuwa tawi. Jana Raoudha uliniletea maua kwenye sahani, ukalalamika kwamba tawi la chini limekuchoma. Nikanusa. Harufu ni ile ile, wanangu. Miaka thelathini na minne nimekata changu ili nijivunie cha Beya.

Mtungi na maua yote ya juu mpelekeeni, mkamwambie ukweli. Lakini nikishazikwa. Sitaki kumwona akifurahi, bado namwonea wivu, Mungu anisamehe.

Sanda yangu msiinyunyizie maji ya chupa za kabatini, hayo ni ya Beya. Chemsheni maua ya tawi la chini, hata likipatikana tone moja. Na kisu... kisu kitupeni.

Mungu awape nyumba tulivu, na roho isiyochungulia uani kwa mtu. Raoudha, ile sahani... ilete. Hapana, karibu zaidi, mama.