Medard Bagula, Muuguzi Aliyepima Dawa kwa Pua

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya baba yetu kama alivyoagiza mwenyewe, bila kupunguza kitu.

Marehemu Medard Bagula alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Walungu, Kivu ya Kusini, akasomea uuguzi Bukavu, akahitimu mwaka 1983, akarudi kwenye kituo cha afya cha kwao, ambako watu walimletea dawa za sokoni, naye akafungua kapsuli, akanusa unga, akasema hii ni dawa au huu ni wanga, na mara nyingi hakukosea.

Tarehe 6 Julai 1985 alimwoa Mama Adolphine, wakajaliwa Alliance na Gracieuse, na mwaka 2015 wakafika Louisville, Marekani, wakakaa mtaa wa Okolona, ambako muuguzi huyo alipanga maboksi ghalani mpaka alipostaafu.

Mdogo wake, Salomon, alipata kazi Columbus, kwenye karakana inayounda mashine ndogo ya mkononi, inayomulika kidonge na kuwasha taa nyekundu kikiwa bandia. Tarehe 20 Agosti 2022, kwenye harusi ya Gracieuse huko Buffalo, Salomon aliitoa mfukoni, ukumbi mzima ukamzunguka, hata bwana harusi, na baba wa bibi harusi akabaki mezani na sahani yake. Marehemu aliona wivu, neno hilo ni lake mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka miwili hakupokea simu ya Columbus.

Tarehe 8 Januari 2025, akiwa mgonjwa wa sukari, alipata kidonda mguuni, akakitibu kwa kapsuli alizoletewa na msafiri kutoka Bukavu, akiwa amezinusa na kuridhika. Mama Adolphine alitaka Salomon aitwe aje na mashine yake, marehemu akazifungia kapsuli sandukuni, akisema afadhali mguu uoze kuliko kufundishwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi. Tarehe 9 Februari alilazwa, ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye damu, ndipo akautoa ufunguo. Salomon aliitwa, akapima kapsuli tatu kando ya kitanda, taa ikawaka nyekundu mara tatu, kwani ndani mlikuwa na dawa kidogo tu, ya kutosha kutoa harufu. Marehemu aliiomba mashine, akapima ya nne mwenyewe, akamwambia mdogo wake kwamba ni nzuri, na kwamba bado inamuuma kuwa si yake.

Alituacha Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Okolona, na wenzake wa ghalani. Kwa agizo lake, Salomon ameketi karibu na mlango na mashine yake, na mwenye dawa zilizotoka nyumbani mkobani ampelekee azipime kabla ya kwenda makaburini.

Baba Medard, pumzika sasa kwa amani.